Umbali wa Makao na Kazi katika Historia ya Lubumbashi

Atafutaye nyumba Lubumbashi huuliza kwanza kodi, kisha huuliza njia ya kwenda kazini au chuoni. Umbali huo haukutokea wenyewe, una historia.

Mji ulianzishwa mwaka wa 1910 kwa jina la Elisabethville. Serikali ya kikoloni ilitenga mji wa Wazungu na makao ya Waafrika kwa ukanda usiojengwa, ikitoa sababu ya mbu na malaria. Mkazi wa Kamalondo aliuvuka ukanda huo kila asubuhi kwenda kazini. Kadiri watu walivyoongezeka, ndivyo mitaa mipya ilivyowekwa mbali zaidi: Kenya, kisha Katuba na Ruashi.

Wafanyakazi wa Union Minière walikuwa na hali nyingine. Tangu mwisho wa miaka ya 1920, shirika hilo lilifuata siasa ya kuwakalisha pamoja na wake zao katika kambi, karibu na kiwanda cha kuyeyushia shaba. Safari ilikuwa fupi, lakini nyumba ilifuata kazi: aliyefukuzwa kazini aliondoka na kambini.

Chuo Kikuu kilifunguliwa mwaka wa 1956. Baadaye kampasi ikajengwa Kasapa, kaskazini-magharibi, mbali na mitaa hiyo ya zamani. Hivyo mwanafunzi wa Ruashi hupitia katikati ya mji kabla ya somo la kwanza. Ana ruhusa ya kuchagua mtaa, ambayo wazee wake hawakuwa nayo. Ila mitaa yenyewe ilikwisha kupangwa kabla hajazaliwa, na kodi ya karibu na chuo humrudisha mara nyingi kule kule walikowekwa wao.