Lumbesi: gunia la Molo na mshindo usiopimwa

Kiazi kikianguka kutoka begani mwa mpakiaji hadi sakafu ya lori, ganda hubaki zima, lakini ndani seli hupasuka. Siku moja au mbili baadaye doa jeusi hujitokeza, na wa kuliona ni mkaanga chipsi wa Nairobi, si mkulima wa Molo aliyekwisha kulipwa.

Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, na mazao ya maeneo jirani ya Molo, Elburgon na Mau Narok yakapata njia ya kwenda mbali. Viazi vilitiwa kwenye gunia, chombo cha nafaka. Mahindi huvumilia kutupwa. Viazi vina maji mengi, havivumilii.

Kisha ikaja lumbesi. Mnunuzi hulipa kwa gunia, si kwa kilo, kwa hiyo akashona wavu juu ya mdomo wa gunia na kuujaza mpaka mzigo ukapita kilo 150. Gunia kama hilo haliwezi kuteremshwa taratibu hata na watu wawili. Hubwagwa, na viazi vya chini hupokea mshindo pamoja na uzito wa vya juu.

Kwingine mshindo ulikuwa umeshafanywa somo. Mwaka 1948 watengenezaji wa Marekani, wakiwa wamechoshwa na majiko na majokofu yanayofika yamebonyea, waliunda kamati iliyokuja kuwa shirika la usafirishaji salama, ISTA. Mojawapo ya majaribio yake ni kuangusha boksi mara 10: pembe moja, kingo tatu, nyuso sita. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Michigan walitengeneza mpira wenye vihisi, wakauweka katikati ya mazao uandike kila kipigo. Wakulima wa viazi huko hushauriwa visianguke zaidi ya sentimita 15 hivi. Sakafu ya lori la Molo iko usawa wa kifua!

Kenya ilianzisha shirika lake la viwango, KEBS, mwaka 1974, lakini sheria iliyoligusa gunia la viazi kwa nguvu ni Kanuni za Viazi za 2019, chini ya Sheria ya Mazao ya 2013. Ziliweka kikomo cha kilo 50. Shirika la Kazi Duniani lilikuwa limependekeza tangu 1967 mwanamume asibebeshwe zaidi ya kilo 55. Hoja kuu za kikomo cha Kenya zilikuwa bei ya mkulima na mgongo wa mbebaji. Kiazi chenyewe kilinufaika kwa bahati tu, kwa kuwa kilo 50 mtu mmoja anaweza kuziweka chini bila kuzibwaga. Utekelezaji nao umekuwa wa kuwaka na kuzimika.

Naivasha, kwa njia hiyo hiyo ya Nairobi, waridi husafiri ndani ya boksi la karatasi ngumu, kwenye lori lenye baridi. Mnunuzi wa Ulaya hukataa ua lililochubuka. Wa viazi sokoni Nairobi huliona doa akishalipa. Na aina ya viazi inayotawala mashamba, Shangi, huchipua upesi, hivyo mkulima huharakisha kuuza, mara nyingi ganda likiwa bado halijakomaa.