Harald Poelchau

Harald Poelchau (Potsdam, 5 Oktoba 1903 – Berlin, 29 Aprili 1972) alikuwa mchungaji Mprotestanti wa Ujerumani na mwanafunzi wa mwanateolojia Paul Tillich. Mwaka 1933 aliajiriwa kuwahudumia wafungwa wa gereza la Tegel, Berlin. Alilipwa mshahara na serikali ya Wanazi huku akiihujumu chini kwa chini. Zaidi ya wafungwa 1,000 waliohukumiwa kifo, wengi wao katika gereza la Plötzensee, walikuwa naye katika saa zao za mwisho.

Nje ya gereza, yeye na mkewe Dorothee waliwatafutia Wayahudi maficho, chakula na vyeti. Baadaye Yad Vashem, taasisi ya Israeli ya kumbukumbu ya mauaji ya Wayahudi, iliwatunuku wote wawili kwa kazi hiyo. Kuanzia Septemba 1944 hadi Januari 1945 alipitisha kwa siri barua za mfungwa Helmuth James von Moltke na mkewe Freya, ambaye alizificha ndani ya mizinga ya nyuki shambani kwao Kreisau. Poelchau mwenyewe alikuwa wa kundi la Moltke lililompinga Hitler, na bado, ajabu ni kwamba, Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, hawakumkamata.

Baada ya vita, na baada ya kuwa mbali na gereza la Tegel kwa muda, alirudi huko mwaka 1949. Mwaka 1951 aliacha kazi ya magereza, akawa mchungaji wa wafanyakazi wa viwandani hadi kifo chake.