Rika la Nyota

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, taa za Los Angeles zilipofifishwa, mwanaastronomia Mjerumani Walter Baade alipata giza la kutosha kuichunguza galaksi ya Andromeda kwa darubini ya Mount Wilson yenye kioo cha inchi 100. Mwaka 1944 alizigawa nyota mafungu mawili. Fungu la Kwanza lilikuwa na nyota angavu za buluu. La Pili, majitu mekundu. Baadaye ilieleweka kwamba la Kwanza ndilo changa na la Pili ndilo kongwe. Wanafunzi huchanganyikiwa hapo hadi leo.

Neno la Kiingereza alilolitumia Baade kwa mafungu hayo, “population”, ni la sensa, la kutaja wakazi wa mahali. Tukilifasiri “idadi”, tunabaki na hesabu tupu. “Kundi” nalo limeshachukuliwa na nyota zinazokaa pamoja, kama Kilimia. Mimi nasema ni rika: rika changa, rika kongwe. Kilimia ni kundi la rika moja, kwani nyota zake zilizaliwa pamoja yapata miaka milioni 100 iliyopita. Galaksi ni kama kijiji, ambamo babu na mjukuu huishi ua mmoja.

Vijiji vidogo ndivyo rahisi kuvisoma. Galaksi kibete za jirani zi karibu kiasi cha kuzitazama nyota zake moja moja. Nyota kubwa ya buluu humaliza kuni zake kwa miaka milioni chache tu. Ukiiona, jua kuna uzazi wa karibuni. Katika galaksi ya Sculptor, aliyoitangaza Harlow Shapley mwaka 1938, huioni: karibu nyota zake zote zina zaidi ya miaka bilioni 10. Wingu Dogo la Magellan, galaksi kibete inayoonekana kwa macho katika anga ya kusini, lina wazee na vitoto pia.

Wapo watakaosema istilahi ya Baade hubeba pia kemia ya nyota: la Kwanza lina metali nyingi, yaani elementi nzito kuliko heli, na la Pili lina chache. Ni kweli, na hapo ndipo inapokwama. Nyota zinazozaliwa sasa katika Wingu Dogo zina takriban moja ya tano tu ya metali za Jua letu, lenye miaka bilioni 4.6. Uchanga si utajiri wa metali. Basi umri tuuite rika, na metali tuzitaje kwa jina lake. Msomaji akikuta “rika kongwe la Sculptor”, ameshajua nyota hizo zilizaliwa zamani, na zilizaliwa pamoja na nani.