Sifuri Moja na Simu ya Usiku

Wiki mbili zilizopita niliharibu kompyuta ya mwaka 1975. Sawa, haikuwa kompyuta ya kushikika. Ilikuwa programu kwenye laptopu yangu inayoigiza PDP-11, mashine ya ukubwa wa kabati, na ndani yake nilikuwa nimeweka Unix toleo la 6. Niliiua kwa kusahau sifuri moja.

Diski iliyotumika wakati huo, RK05, ilikuwa na bloku 4872, kila moja baiti 512. Hiyo ni kama megabaiti mbili na nusu. Picha moja ya simu yako huenda isitoshee humo. Unix iligawa diski hiyo mara mbili: bloku 4000 za kwanza za kuweka faili, na 872 za mwisho za swapu, yaani pale kerneli inapoweka programu kwa muda ili nyingine zipate nafasi kwenye memori. Mpaka huo umeandikwa kwenye faili moja fupi: swplo 4000, nswap 872. Mimi nikaandika 400.

Kerneli haikusema kitu. Iliwaka vizuri, nikaingia, nikajiona fundi kabisa. Baada ya muda faili zikaanza kuwa takataka, moja baada ya nyingine, kwa sababu swapu ilikuwa inaandika juu yake.

Ndivyo mambo yalivyokuwa. Ulipokea tepu. Ulibonyeza swichi za mbele ya mashine, namba moja moja, kuingiza kiprogramu cha kuanzia. Ulinakili tepu kwenye diski, na ukiona alama ya @ uliandika rkunix. Halafu ndiyo kazi yenyewe: programu iitwayo mkconf ilitaka uitajie vifaa ulivyonavyo, rk kwa diski, tm kwa tepu, na kadhalika. Ilitoa faili mbili, l.s na c.c, ukazikompaili na kuziunganisha na kerneli, ukawasha upya. Kifaa ulichosahau kutaja, kerneli haikukijua. Na ikishindwa kuisoma diski kuu, iliandika panic: iinit na kuganda papo hapo. Hakuna maelezo, hakuna pole.

Hakukuwa pia na ofisi ya kupigia. Unix ilitoka Bell Labs, maabara ya AT&T, na makubaliano ya 1956 na serikali ya Marekani yaliifungia AT&T kufanya biashara nje ya mambo ya simu. Kwa hiyo vyuo vilipata Unix kwa ada ndogo, pamoja na msimbo wake wote, lakini ikikwama ni shauri yako.

Sasa nenda Berkeley, California, Januari 1974. Tepu ya toleo la 4 imefika, na mwanafunzi wa shahada ya juu, Keith Standiford, ndiye anayeiweka kwenye PDP-11/45. Mashine yenyewe ni ya idara tatu zilizochanga: kompyuta, hisabati na takwimu. Hao wengine wanataka mfumo wa RSTS. Wakakubaliana hivi: Unix masaa 8, RSTS masaa 16, na zamu zinazunguka. Leo Unix inaanza saa mbili asubuhi, kesho saa kumi jioni, kesho kutwa saa sita usiku. Na bado wanafunzi waliifuata Unix hata kwa ratiba hiyo ya kilinda-lango.

Lakini ilikuwa inaanguka ovyo. Ken Thompson, mmoja wa walioibuni, alikuwa New Jersey, upande wa pili wa nchi. Modemu ya Berkeley ilikuwa ya baudi 300, herufi kama 30 kwa sekunde, na haikuweza kupokea simu yenyewe. Basi Thompson alimpigia Standiford kwenye chumba cha mashine, na Standiford akauchomeka mkono wa simu ndani ya modemu. Thompson akasoma mabaki ya kerneli iliyokufa kupitia waya ule mwembamba.

Kosa, mara nyingi, halikuwa la Standiford. Berkeley walikuwa na diski mbili kwenye kidhibiti kimoja, jambo ambalo Thompson hakuwa amelizoea. Kitabu cha kifaa kilidai kidhibiti kinaweza kuhamisha vichwa vya diski zote mbili kwa wakati mmoja. Hakikuweza, angalau si kwa kutegemewa. Kitabu kilikuwa kinadanganya.

Nimelifikiria sana hilo, kwa sababu niliacha chuo mwaka wa pili nikiamini kwamba kila nisichoelewa ni ujinga wangu. Standiford angeweza kubaki akijilaumu usiku kucha. Kilichomwokoa ni msimbo uliokuwa wazi kusomwa na mtu aliyekubali kupiga simu.

Uwazi huo haukudumu. John Lions, mwalimu wa Chuo Kikuu cha New South Wales, Australia, aliwaandikia wanafunzi wake maelezo ya kerneli ya toleo la 6, mistari kama 9000. Toleo la 7 lilipotoka 1979, leseni ilikataza msimbo kufundishwa darasani. Watu wakaanza kufotokopi kazi ya Lions, kisha kufotokopi fotokopi, mpaka ilipochapishwa kihalali 1996. Lions alifariki 1998. Ukiwahi kupanga foleni kibandani nje ya geti la kampasi, ukilipia kurasa zilizofifia za kitabu ambacho maktaba ina nakala moja tu, unawajua watu hao.

Mimi nilirudisha sifuri yangu. Nilikuwa na nakala ya diski, kwa bahati, kwa hiyo nilianza tena kutoka kwenye alama ya @. Safari hii nilisoma kila namba kabla ya kuiamini.