Ukame upi?

Redio ikitangaza kwamba mikoa kadhaa imekumbwa na ukame, msikilizaji huelewa jambo moja tu, kwamba hali ni mbaya. Hajaambiwa kilichokosekana ni mvua, ni unyevu wa udongo, ni maji ya mto, au ni uwezo wa familia kununua chakula. Mambo hayo manne hayaanzi siku moja wala hayaishi siku moja, na kila moja lina watu wake wanaopaswa kuliwahi. Katika Kiswahili yote tumeyaita ukame. Neno lenyewe ni zuri na sina nia ya kulibadilisha, ila naona tunalituma kazini bila kulipatia mwenzake, na watu wanaumia kwa sababu hiyo.

Tulitenganishe kwanza na majirani zake. Kiangazi ni majira: huja kila mwaka, na mkulima amejipanga kwa ajili yake. Magazeti ya Kenya hupenda kuandika "makali ya kiangazi" yakimaanisha ukame, na wasomaji wao wanaelewa, lakini kwa istilahi ni hatari, maana tukio la ajabu linapewa jina la jambo la kawaida. Ukavu nao ni neno linalotumiwa vizuri na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Utabiri wake wa msimu huonya kuhusu "vipindi virefu vya ukavu", yaani siku nyingi mfululizo bila mvua ndani ya msimu wa mvua wenyewe. Halafu kuna kivumishi "kame". Turkana na Marsabit ni maeneo kame, na hiyo ni tabia ya mahali isiyobadilika mwaka hadi mwaka. Ajabu ya Kiswahili ni kwamba kivumishi kinaeleza tabia ya kudumu, ilhali nomino iliyotoka humo humo inaeleza tukio la kupita. Kwa hiyo nchi kame inaweza kuwa haina ukame mwaka huu, na nchi ya migomba ikawa nao.

Maana ya istilahi hii imesimama juu ya neno "kawaida". Ukame ni upungufu wa maji ukilinganishwa na kawaida ya mahali hapo kwa majira hayo. Milimita 300 za mvua kwa mwaka zingekuwa neema Lodwar. Bukoba, inayozoea takriban milimita 2,000, zingekuwa msiba. Ndiyo maana kipimo kinachotumika sana hakihesabu milimita peke yake. Mwaka 1993 Thomas McKee na wenzake huko Colorado, Marekani, walitunga kielezo sanifu cha mvua, na mwaka 2009 wataalamu waliokutana Lincoln, Nebraska, wakapendekeza idara za hali ya hewa duniani zikitumie. Msingi wake ni kazi ya mtu anayekwenda kwenye kipima mvua saa tatu asubuhi kila siku, mvua iwe imenyesha au haikunyesha, na kuandika alichokuta. Kumbukumbu za miaka 30 au zaidi zikipatikana, mvua ya sasa hulinganishwa nazo. Sifuri ni kawaida, hasi moja ni mlango wa ukame, na hasi mbili kwenda chini ni ukame uliokithiri. Uzuri wa kielezo hiki ni kwamba kinaweza kukokotolewa kwa mwezi mmoja, mitatu au kumi na miwili. Cha muda mfupi kinazungumza na shamba, cha mwaka mzima kinazungumza na bwawa. Kipimo chenyewe, basi, kinakiri kwamba ukame si mmoja.

Wamarekani Donald Wilhite na Michael Glantz waliliona hilo mwaka 1985. Walikusanya zaidi ya fasili 150 za ukame zilizokuwa zimechapishwa, wakazipanga katika makundi manne ambayo bado yanatumika. Kwa Kiswahili makundi hayo hutafsiriwa kuwa ukame wa kimeteorolojia, wa kilimo, wa kihaidrolojia, na wa kijamii na kiuchumi. Tafsiri hizo hazina kosa, lakini sijamsikia mtu akizitamka nje ya semina. Mimi ningesema ukame wa mvua, ukame wa udongo, ukame wa mito na ukame wa kaya.

Ukame wa mvua hauhitaji maelezo mengi. Ukame wa udongo unayahitaji, kwa sababu ndio unaoua mazao huku takwimu za mvua zikionyesha kwamba msimu ulikuwa wa wastani. Mvua ya msimu mzima ikimwagwa kwa dhoruba chache, maji hupita juu ya ardhi ngumu na kuishia korongoni. Tazama mahindi ya Dodoma au Kitui yanapotoa mbelewele. Kabla ya hapo mmea ulistahimili: majani yalijikunja mchana kupunguza kupoteza maji, jioni yakajikunjua. Lakini udongo ukikauka katika siku hizo chache za uchavushaji, nywele za hindi huchelewa kutoka na chavua hufa kabla ya kuzifikia. Mvua ikija wiki mbili baadaye shamba hurudi kijani, na mgeni apitaye barabarani ataona mazao mazuri. Menya hindi moja uone: punje tano hapa, tatu kule, na kati yake gunzi tupu. Mtama katika shamba la jirani husimamisha ukuaji na kusubiri, ndiyo maana wazee wa maeneo hayo hawakuuacha kwa hiari.

Nasema ukame wa udongo badala ya ukame wa kilimo kwa sababu malisho ya mfugaji nayo hukauka, na yeye halimi. Kuna sababu nyingine kubwa zaidi. Pembe ya Afrika ilikosa mvua za kutosha kwa misimu mitano mfululizo, kuanzia vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022, wakati La Niña ilipodumu miaka mitatu. Aprili 2023 wanasayansi wa kundi la World Weather Attribution walichapisha uchambuzi wao kuhusu ukame huo Kenya, Somalia na Ethiopia. Waligundua kwamba mabadiliko ya tabianchi hayakuwa yamebadilisha sana jumla ya mvua ya mwaka. Kilichobadilika ni joto, lililonyonya maji kutoka udongoni na kwenye mimea kiasi kwamba ukame mkali wa aina hiyo umekuwa na uwezekano wa kutokea angalau mara 100 zaidi ya zamani. Anayetazama kipima mvua peke yake hawezi kuliona jambo hilo.

Ukame wa mito ndio wenye siasa. Huchelewa kuanza, kwa kuwa mto hulishwa na chemchemi na ardhi oevu kwa miezi baada ya mvua kukoma, na huchelewa kuisha kwa sababu hiyo hiyo. Wakazi wa Dar es Salaam waliujua mwaka 2022, mto Ruvu ulipopungua, mgawo wa maji ukatangazwa, na foleni za madumu na maboza zikarudi mitaani. Bwawa la Mtera nalo lina namba ambayo kila anayefuatilia umeme wa Tanzania anaikumbuka: mita 690 juu ya usawa wa bahari. Maji yakishuka chini ya hapo, mitambo haitakiwi kuendeshwa. Nchi ilionja gizani maana ya namba hiyo mwaka 2006.

Lakini Mtera hulishwa na Ruaha Mkuu, na Ruaha Mkuu ulianza kukauka kila kiangazi ndani ya hifadhi ya taifa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, hata katika miaka ambayo mvua haikuwa mbaya. Juu yake kuna bonde la Usangu, mashamba ya mpunga, mifereji, na ardhi oevu ya Ihefu ambayo maji yake hugombewa. Kusema mto huo umekauka "kwa sababu ya ukame" ni kuuficha ukweli. Mvua ilinyesha, maji yaligawanywa vibaya. Wataalamu wa maji hulitenga jambo hilo na kuliita uhaba wa maji, na Kiswahili kinalo neno hilo tayari. Tulitumie. Ukame hauna wa kuulizwa. Uhaba una ofisi zilizotoa vibali na watu waliochepusha maji bila vibali.

Moto nao huingizwa kwenye hesabu ya ukame bila maelezo. Wenyeji wa misitu Tanzania husema moto kichaa, jina linalofaa kabisa, maana hutofautisha moto uliotoroka na moto unaowashwa kwa mpango. Ukame hauwashi moto. Anayeuwasha ni mtu: mrina asali, mwandaaji wa shamba, wakati mwingine mpishi wa kambi. Ukame huandaa kuni, na hata hapo huhitaji msaada wa mvua zilizotangulia, kwani nyasi ndefu zinazoungua ziliota katika msimu mzuri. Oktoba 2020 moto ulichoma kilomita za mraba zipatazo 95 katika Mlima Kilimanjaro, na Oktoba 2022 ukawaka tena karibu na kambi ya Karanga.

Kilimanjaro unatufundisha zaidi ya hapo. Mwanabotania Andreas Hemp, aliyeutafiti mlima huo kwa miaka mingi, alionyesha mwaka 2005 kwamba moto umeuteremsha mpaka wa juu wa msitu kwa mamia ya mita tangu miaka ya 1970. Msitu ule wa miti ya Erica hukamua maji kwenye ukungu: mawingu hupita, matone hushika kwenye majani na kuvumwani, kisha hudondoka ardhini pasipo mvua yoyote kunyesha. Kwa hesabu zake, maji yaliyopotea kwa kuungua msitu huo ni mengi kuliko yanayotokana na barafu inayoyeyuka kileleni, ambayo ndiyo hupigwa picha na dunia nzima. Moto, basi, huandaliwa na ukame wa udongo na huweza kuzaa ukame wa mito huko chini, kwenye mto Pangani.

Unabaki ukame wa kaya. Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame ya Kenya huufuatilia kwa njia ninayoiheshimu: pamoja na picha za setilaiti za uoto, hupima bei ya mbuzi dhidi ya bei ya mahindi sokoni. Mbuzi amekonda, kila mtu anauza, bei yake inaanguka, mahindi yanapanda. Mfugaji anaweza kuwa na kundi zima zizini na akashindwa kulisha watoto. Kenya ilipotangaza ukame kuwa janga la taifa Septemba 2021, misimu miwili ilikuwa imeshapotea na masoko yalikuwa yameshaanza kusema.

Mvua zilirudi Machi 2023, na mwisho wa mwaka huo El Niño ikaleta mafuriko katika maeneo yale yale. Ukame wa mvua ulikuwa umekwisha. Nyasi ziliota ndani ya wiki chache. Kenya peke yake ilikuwa imepoteza mifugo zaidi ya milioni 2, na ndama wa kienyeji anayezaliwa leo huchukua takriban miaka minne kabla ya kuzaa na kutoa maziwa. Kwa familia zilizobaki bila ng'ombe, tangazo la kwamba ukame umeisha lilikuwa tangazo la mwisho wa msaada. Laiti lingesema ni ukame wa mvua ulioisha na ukame wa kaya unaendelea, afisa wa kata angejua ni orodha gani asiifunge.