Fahamu Commander, mchezo wa kadi uliotungwa na wachezaji wenyewe
Commander ni mojawapo ya namna zinazopendwa zaidi za kucheza Magic: The Gathering, mchezo wa kadi ulioingia sokoni Marekani mwaka 1993. Ila kampuni haikuibuni. Ilianzia Alaska miaka ya 1990, watu wakicheza kujifurahisha tu, kisha waamuzi wa mashindano wakaisambaza.

Sheria zake kuu:
- Kila mchezaji ana kadi 100, mojawapo ikiwa kamanda wake.
- Kadi hazijirudii, isipokuwa zile za msingi za ardhi.
- Kila mmoja anaanza na uhai 40, sio 20.
- Kwa kawaida hukaa wanne mezani, kila mtu kivyake.

Kwa kuwa kadi hazijirudii, kila mchezo unakuja tofauti.

Wizards of the Coast ilianza kuuza seti za Commander mwaka 2011, lakini sheria zikabaki kwa kamati ya wapenzi wa mchezo. Septemba 2024 kamati ilipiga marufuku kadi nne, baadhi zikiwa za bei mbaya. Wanakamati wakapokea vitisho, na siku chache baadaye wakaikabidhi kampuni usimamizi.

Hata hivyo, mkiwa nyumbani mnaweza kukubaliana sheria zenu kabla ya kuanza.