Kutoka Jina hadi Matunzo: Wapenzi wa Jinsia Moja na Huduma ya Nafsi Kisiwani Unguja, 1899–2018

1. Utangulizi

Insha hii inachunguza kwa nini huduma za afya zilizowafikia wapenzi wa jinsia moja kisiwani Unguja zilishughulikia damu yao kabla ya kushughulikia nafsi zao. Kwa "tiba ya kukubali" tunakusudia tiba ya kisaikolojia isiyokusudia kubadili mvuto wa kimapenzi wa mtu, bali kumpunguzia sonona, hofu na fedheha zitokanazo na kutengwa, kwa mbinu zilizopimwa kiutafiti. Hoja yetu ni kwamba mlango wa huduma ulifunguliwa na UKIMWI, nao ukabaki na upana wa UKIMWI.

2. Majina na Sheria

Mwaka 1899, jarida la ethnolojia la Ujerumani, Zeitschrift für Ethnologie, lilichapisha maelezo mafupi kuhusu Zanzibar yaliyotaja maneno kama mke-si-mume. Maelezo hayo yaliwagawa watu katika wale waliozaliwa na hali hiyo na wale walioipata baadaye, mgawanyo uliotoka katika utabibu wa Ulaya wa zama hizo. Hata hivyo, maneno yenyewe yalikuwa ya wenyeji. Jamii ilikuwa imekwisha kuwatambua watu hao na kuwapa majina kabla mtaalamu yeyote hajawaandika. Gill Shepherd, akiandika mwaka 1987 kuhusu Mombasa, alionyesha kuwa cheo na mali viliathiri sana uhusiano wa aina hii. Deborah Amory alirejea mjadala huo mwaka 1998 kwa kuzingatia istilahi za pwani zikiwamo shoga na basha. Neno shoga, ambalo wanawake wa Mji Mkongwe huitana kwa mapenzi ya urafiki, linabeba pia maana ya kejeli linapoelekezwa kwa mwanamume.

Sheria ilichukua njia yake. Amri ya Adhabu ya mwaka 1934 ilirithi lugha ya kikoloni ya makosa "kinyume cha maumbile". Marekebisho ya mwaka 2004, yaliyotiwa saini na Rais Amani Abeid Karume, yaliutaja bayana pia uhusiano baina ya wanawake. Kwingineko mkondo ulikuwa tofauti: Chama cha Wataalamu wa Afya ya Akili cha Marekani kiliondoa mapenzi ya jinsia moja katika orodha ya maradhi ya akili mwaka 1973, na Shirika la Afya Duniani likafuata mwaka 1990. Hivyo Zanzibar iliongeza makali ya sheria miaka 14 baada ya utabibu wa kimataifa kuacha kuiita hali hiyo ugonjwa.

3. Mlango wa UKIMWI

Mwaka 2007, uchunguzi uliohusisha wanaume 509 wa Unguja wanaofanya mapenzi na wanaume ulibaini kuwa asilimia 12.3 waliishi na VVU. Takwimu hizo ziliwafanya waonekane katika mipango ya afya, lakini wakiwa "kundi lililo hatarini". Istilahi ushauri nasaha yenyewe ilizoeleka kwa wananchi wengi kupitia vituo vya kupima VVU, ambako mazungumzo yalihusu kinga, majibu na dawa. Wapenzi wawili waliotaka kuzungumzia wivu, shinikizo la kuoa au kuolewa, au siri mbele ya wazazi, hawakuwa na nafasi katika utaratibu huo.

Mlango huo nao ulitikiswa. Septemba 2017, polisi waliwakamata watu 20 katika hoteli moja Zanzibar waliokuwa wakihudhuria mafunzo yanayohusu VVU. Novemba 2018, wanaume 10 walikamatwa Pongwe, mashariki mwa Unguja. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Lakini methali hiyo humlaumu mgonjwa pekee. Pale ambapo kumbukumbu ya mshauri inaweza kugeuka ushahidi, kuficha ni busara ya kujilinda. Sitara, ambayo ni thamani kuu ya Waswahili, inapaswa kuwafunga wahudumu kabla ya kudaiwa kwa wagonjwa.

4. Ushahidi wa Jirani

Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kutoka pwani ya Kenya unatoa mfano wa karibu. Wahudumu 74 kutoka vituo 49 walipewa mafunzo kuhusu afya ya wanaume wanaofanya mapenzi na wanaume. Miezi mitatu baadaye maarifa yao yalikuwa yameongezeka na chuki yao kupungua. Huko New York, jaribio la John Pachankis na wenzake la mwaka 2015 lilionyesha kuwa tiba ya fikra na tabia iliyorekebishwa kulingana na madhila ya kubaguliwa ilipunguza dalili za sonona kwa vijana wa kiume. Kilifi na New York hazina sheria wala mila zilezile za Unguja, kwa hiyo matokeo hayo hayahamishiki yalivyo. Yanathibitisha jambo dogo lakini la msingi: mtazamo wa mhudumu hubadilika, na mateso ya nafsi hupungua bila kumbadili mtu.

5. Hitimisho

Historia hii inaonyesha kuwa Unguja ilikuwa na majina mapema, ikapata adhabu, kisha ikapata vipimo. Matunzo ya nafsi yamechelewa. Mtafiti atakayeendeleza mada hii aanze na usiri wa kumbukumbu, kwani bila huo hakuna mgonjwa atakayesema, na bila kusema hakuna tiba ya kupimwa.